Kamba Zilivyolegea kwa Dada Somoe

Niliondoka Mtwara kwa sababu ya simu moja. Mwalimu Kokushubira, Mhaya aliyepangiwa kufundisha Nachingwea, aliniambia, "Njoo, kaka. Nataka kuuchora mji kama watu wanavyouchora msitu, nami wenyeji wako siwajui." Nachingwea ndiko nilikozaliwa. Kesho yake nilikuwa ndani ya basi.

Asubuhi tulianzia mtaa wa Nambambo, nikipepesa macho huku na huku kutafuta tuta la reli iliyong'olewa, tulilokuwa tukiteleza juu yake utotoni. Mwalimu hakunipa nafasi ya kuzubaa. "Wanaosoma msitu hufuata chakula," alisema. "Jani kwa swala, swala kwa chui. Mji nao unakula kuni, mkaa, dizeli. Tufuate nani anamlisha nani, hata wale wasiojuana." Tukaingia kwa waoka mikate, mafundi wa kuchomelea, mama ntilie. Kila niliyemfahamu nilimwona upya, kama mnyama wa porini mwenye njia zake!

Mchana, tukiifuata dizeli, tulipata lori la Chande, lililotoka Mtwara kupeleka mapipa ya dizeli Ruangwa. Katikati ya njia alimpakia Hamisi, mchoma mkaa, mweusi wa masizi hadi kwenye kope.

"Kesho mkutano wa kijiji unanifukuza," Hamisi alisema. "Anayenisema zaidi ni Somoe wa mashine."

Somoe ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, na kwake ndiko tulikokuwa tukienda kulala.

Kijijini kwake, Ruangwa, tulifika jua likiinama. Dada alitoka mashineni mweupe kwa unga.

"Kiguu na njia! Leo upepo umekuleta?" Kisha akamwona Hamisi. "Na huyo je? Kisima changu kimekauka, miti yote kaimaliza. Kesho lori la mkaa lipigwe marufuku. Mimi na mkaa hatujuani, mashine yangu inakula dizeli!"

Mwalimu akaomba kamba za katani. Akatupanga uani, kila kamba ikiwa kile mtu anachompa mwenzake: Hamisi ashike moja na Chande, Chande ashike nyingine na Dada, Dada ashike nyingine na majirani waliokuja kusaga. Kamba zikakaza. Dada, kwa ubishi, alivuta kuliko wote.

"Hamisi, achia," Mwalimu alisema.

"Mkaa ndio mzigo wangu wa kurudia; ukikosekana narudi Mtwara tupu," Chande alisema. "Safari tupu hailipi. Siji tena." Naye akaachia.

Dada akaangukia gunia la pumba! Kamba za majirani zikalala chini. Watu walicheka hadi machozi, lakini yeye alikaa palepale akiitazama mashine yake.

"Kumbe," alisema polepole, "nilitaka kujizimia mashine kwa mdomo wangu."

"Basi niache nikate?" Hamisi akauliza kwa matumaini.

"Ukate nini? Kisima hakijarudi!" Akamgeukia Chande. "Wewe unataka mkaa, au unataka mzigo?"

"Mzigo, dada. Lori halina pua ya kubagua."

Asubuhi, mkutanoni, Dada alisimama kabla ya mwenyekiti kumaliza salamu. Hakutaka tena lori lizuiwe. Alitaka lipakie ufuta uliojaa majumbani kwa kukosa usafiri, na mkaa ukome. Wenye ufuta walishangilia. Hamisi aliguna mpaka Dada akamwambia, "Mgongo unao. Magunia ni mengi, upakiaji uwe wako."

Jioni tulirudi juu ya magunia ya ufuta. Mwalimu alishuka Nachingwea akiimba. Mimi nikaendelea hadi Mtwara.

Miaka yote nimezurura nikidhani njia ni ya anayepita. Sasa kila lori ninalokutana nalo naliuliza moyoni: unaenda na nini, unarudi na nini, na nani atalala njaa usiporudi? Niliposhuka Mtwara nilijipangusa suruali nikitarajia vumbi la mkaa, kwa mazoea ya malori ya kule. Mkono ulitoka na punje za ufuta.