Meza ya Watu Kumi

Meza ninayolia chakula inakalisha watu kumi. Ninakula peke yangu. Marehemu baba alinipa mwaka nilioolewa, akasema, "Chukua, A-Buan, wewe ndiye uliyeiharibu." Ndoa ilidumu miaka sita. Meza ipo bado.

Baba alitengeneza meza za duara za karamu za hekaluni. Alinitoa shule nikiwa na miaka kumi na mmoja ili nimsaidie. Kaka yangu, Ting-kok, alikata mbao kwa mashine. Mimi nilitafuta kitovu na kutoboa tundu la kile kioo kinachozungushwa kupitisha vyakula. Unaweka kona ya guni, chuma cha pembe mraba, ukingoni mwa duara. Mikono yake miwili inapokata ukingo, unaunganisha kwa mstari. Unarudia mahali pengine. Mistari inapokutana ndipo kitovu.

Kwenye karamu moja kioo cha meza hii kilizunguka upande upande, kikasukuma bakuli la supu likamwagikia mapajani mwa mwenyekiti wa hekalu. Tundu lilikaa kando kwa vidole viwili.

"Usimpe A-Buan akutoboe sikio," mtaa mzima ulicheka, "atakutoboa shavu!"

Karakana akapewa Ting-kok. Miaka ishirini na tisa nimeamini kwamba mkono wangu ni wa kombo.

Siku hizi nafagia kituo cha masomo ya ziada. Juzi mchana Mwalimu Kho alikuwa akiandaa somo kwenye kompyuta: duara, kipenyo, na nukta ukingoni iliyounganishwa na ncha mbili za kipenyo.

"Hilo ni guni," nikasema.

"Guni gani tena, dada?" Akanisogezea kipanya. "Haya, buruta hiyo nukta. Haing'ati."

Nikaiburuta huku na kule. Pembe ikabaki tisini.

"Na duara likibonyea?"

"Basi si duara tena." Akalibonyeza kidogo tu, jicho langu halikuona tofauti. Nikaburuta tena: tisini na moja, karibu tisini na mbili. Nikamwomba achore mistari yangu miwili ya guni. Ikakutana kando ya kitovu.

Ubao wenyewe sikuwahi kuupima. Mashine haikosei, baba alisema siku zote.

Nilirudi nyumbani nikapima meza kwa uzi. Upana mmoja uliuzidi mwingine vidole vitatu. Nikampigia Ting-kok.

"Kaka, ule ubao ulikuwa yai."

Nikasikia msumeno ukizimwa. "Umeshakula, dada?"

"Nakuuliza ubao."

"Baba aliupima asubuhi baada ya ile karamu," akasema. "Akaniambia ninyamaze. Wewe ungeolewa tu. Mimi ndiye wa kubaki na jina la karakana. Ningefanyaje?"

"Ungesema. Sema hata sasa. Waambie watu."

"Watu gani? Waliokucheka karibu wote wameshakufa. Njoo Jumapili, wifi yako atapika."

Nilimwambia sina nafasi, nikakata simu. Kisha nikaweka bakuli langu mezani, nikala wali uliopoa.

Kesho yake Mwalimu Kho aliona ule uzi niliopimia meza ukining'inia mfukoni mwangu.

"Wa nini huo, dada?"

"Wa kufungia ufagio," nikamjibu.