Daktari Aliyenyoa Masharubu

Mwaka wa Kombe la Dunia, Johannesburg nzima ilipokesha na mavuvuzela, bibi niliyekuwa dereva wake alilala usingizi mnono kuliko wote. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Sasa alikaribia miaka tisini, akiishi Parktown katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Na baba huyo, ajabu ya mambo, alikuwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Siku ya kwanza tu alinikagua usoni, akasema kwa ile sauti yake isiyo na breki, "Kijana, masharubu hayo yaondoke. Yanafunika midomo, na mimi nasikia kwa macho."

Nilikuwa na miaka arobaini. Ujana uko wapi? Jioni nikaenda kwa kinyozi wangu Fordsburg, mtu wa Dar, nikiwa nimefura. Badala ya kunipoza, akachochea. "Eish, usikubali, mwanangu. Leo masharubu, kesho ndevu, keshokutwa atakwambia uvue na kofia." Nikarudi kazini na masharubu yangu vilevile.

Bibi hakunifukuza. Alianza kunisimulia maisha ya baba yake. Ndani ya gari msemaji alikuwa yeye peke yake, maana mimi macho yalikuwa barabarani. Nikiwa na swali, nilisubiri roboti, ndivyo tunavyoziita huku taa za barabarani, iwe nyekundu, nigeuke anione midomo. Nikajikuta naombea foleni.

Baba yake alikuja kwa meli akiwa kijana, mji wenyewe bado ni vumbi na dhahabu. Wagonjwa wake wa kwanza walikuwa wachimba migodi waliopasuliwa ngoma za masikio na baruti. Alifunga kioo cha duara kwenye paji la uso, akakielekezea taa, na mwanga ukaingia hadi ndani ya koo la mtu. Penisilini haikuwepo. Usaha ukijaa nyuma ya sikio, ilibidi autoboe mfupa upesi kabla usaha haujafika kwenye ubongo. Watoto aliwatoa vifungo puani, kisha akawarudishia vifungo vyao. Akapata jina, na masharubu manene yaliyosokotwa ncha, kama ilivyompasa daktari mkubwa wa zama zile.

Kisha homa ikamfanya binti yake kiziwi. Alimhangaikia, akampeleka hadi ng'ambo kwa walimu waliomfundisha udaktari, wapi! Asubuhi moja akaja mezani uso umenyolewa safi. Mkewe alipiga kelele. Hospitalini wenzake walimcheka kwamba amekuwa kama mhudumu wa hoteli, maana wahudumu ndio waliolazimishwa kunyoa. Yeye aliketi mbele ya mtoto, akaanza kumweleza habari zake polepole, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikakatazwa kuongea na chakula mdomoni.

Bibi aliponisimulia hayo, roboti ilikuwa imeshakuwa kijani, watu nyuma wananipigia honi, nami bado nimemgeukia. Jioni ile nikamwamuru kinyozi apunguze masharubu yote yaliyofika mdomoni. Tena dini yangu yenyewe ndiyo inayotaka yapunguzwe. Ni majivuno tu yaliyonizuia. Nilimpenda yule bibi, nasema wazi.

Mwaka uliofuata madaktari walimwalika kwenye hafla ya kumkumbuka baba yake. Wiki nzima hakula vizuri.

"Watasema aliponya watu wote isipokuwa mimi," aliniambia. "Sitaki akumbukwe hivyo."

Akanitaka nikae mkabala naye nimkaririe kila neno, kwa sababu wanaosoma hotuba huinamia karatasi zao.

Nikamkariria sifa za baba yake, za kazi yake na za wanafunzi wake, naye akawa anatabasamu. Ndipo msemaji akasema kwamba maisha yake yote ni masikio ya mtu mmoja tu yaliyomshinda daktari yule, ya bintiye mwenyewe. Nikafumba mdomo. Nilitaka kuyaruka maneno hayo.

Bibi akanikazia macho. "Sema."

Nikasema.

Alisimama, mkono begani kwangu. "Hakushindwa," alisema, sauti ikajaa ukumbi. "Tuliongea kila siku mpaka alipokufa."

Halafu akanigeukia. "Wanasemaje?"

"Hawasemi kitu, Bibi. Wamenyamaza wote."

"Basi wamesikia," akasema, akaketi.