Mama Kizibo, Kazi Yake Kuzibua

Saa mbili asubuhi, sokoni, mwanamke mfupi anapepeta majani makavu ya sanamaki. Anayafunga kwenye vipakiti, na ndani ya kila kimoja anatumbukiza kizibo cha soda kilichochemshwa.

Hicho ndicho kipimo chake, na ndicho kilichompa jina. "Jina Kizibo, kazi kuzibua," anajitania Mama Kizibo kabla hujamtania.

Sanamaki ni dawa ya choo kigumu. Kizibo kimoja cha majani, kilichosawazishwa bila kilima, kwenye kikombe cha maji ya moto. Unachuja, unakunywa wakati wa kulala. Ila kabla ya kuuza, huuliza maswali mpaka mteja ajute. Una mimba? Unatumia dawa gani nyingine? Maji unakunywa?

"Wengine nawaambia wale papai na kunywa maji, basi," anasema. "Na usiizoee. Wiki ikiisha bado unaihitaji, nenda kwa daktari."

Hakuanza hivyo. Miaka minne iliyopita alimpa wifi yake, dada wa mumewe, majani hayo na kumwambia, "Chukua vidole vitatu." Alimaanisha kudokoa kwa ncha za vidole. Wifi akalaza vidole vitatu ubavuni mwa glasi, akajaza majani hadi kidole cha juu. Aliharisha siku mbili, akatundikiwa dripu.

"Nilimpigia magoti. Tangu siku hiyo hajanywa hata maji mkononi mwangu," anasema, machozi yakimlengalenga.

Hajamaliza, wifi mwenyewe huyo mbele ya meza, anahema.

"Wifi, nipe sanamaki. Mume wangu, shemeji yako, leo siku ya nne hajapata choo."

"Anatapika?"

"Tangu jana."

"Tumbo?"

"Limevimba, linamuuma, hata upepo hautoki."

Mama Kizibo anakirudisha kipakiti mezani. "Hii simpi. Hospitali, sasa hivi."

"Miaka minne sijakanyaga hapa. Leo nimekuja, unaninyima?"

"Ninunie minne mingine, wifi. Shemeji hanywi hii."

Anafunika meza kwa turubai na kumshika wifi mkono. Siku hiyo hauzi tena.

Saa tisa alasiri wamekaa kwenye benchi la hospitali. Utumbo wa mgonjwa ulikuwa umejisokota, na ametoka kupasuliwa salama. Daktari amewaambia kwamba dawa ya kulainisha choo kama sanamaki ingeweza kuupasua.

Mama Kizibo anapangusa uso kwa ncha ya khanga. Anataka, anasema, kuchapisha vipakiti vyenye picha ya kizibo, na nyuma maswali yake yote. "Nisipokuwepo, kipakiti kiulize."

"Andika na hilo la upepo," wifi anadakia.

Kisha anaitazama chupa ya maji mapajani mwa Mama Kizibo.

"Wifi, nina kiu."

Mama Kizibo anaifungua, anampa. Wifi anakunywa yote.