Mizigo ya Kwenda Fizi

Nikisikia kuku analalamika ndani ya kikapu, hata leo na uzee huu, nacheka peke yangu. Wajukuu husema bibi ameanza tena. Basi wacha niwaambie ninyi, maana ninyi hamtanikatiza.

Nilikuwa sina meno ya mbele, na tulikuwa bado wageni hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Baba yangu, Asukulu, alikamatwa sokoni Mbarara akiuza vikapu bila karatasi ya kutoka kambini. Wakamwambia: nenda ukaage watu wako, Ijumaa gari litakuja kukurudisha Kongo. Wewe peke yako. Mke na watoto wabaki. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumwombea, mkubwa wa kambi, naye alikuwa Kampala mpaka Jumatatu.

Mama yangu, Riziki, hakupiga kelele. Alibeba mtungi akaenda ziwani kuteka maji, na kila mwanamke aliyekutana naye alimwambia maneno yaleyale: "Baba Neema anarudi Fizi. Mwenye kuwa na muzigo wa ndugu zake, alete." Neema ndiye mimi, na Fizi ndiko kwetu Kongo.

Na sisi watu wa Fizi mnatujua. Mtu harudi kwao mikono mitupu, na ukikataa mzigo wa jirani umemtukana yeye na ukoo wake wote.

Alhamisi nyumba ilikuwa imejaa. Nabintu alileta kikapu cha kuku wa kupelekewa shangazi yake. Mzee Bilombele alileta kinu kizima, na mchi wake. Mama Sifa alileta gunia la samaki wakavu, likanuka mpaka tukahamia nje. Samaki, kwa watu wanaokaa kando ya Ziwa Tanganyika! Mimi sikuona ajabu. Baba naye alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akirudia jina la mpokeaji kama anayesoma katekisimu. Nilijivuna, jamani! Sikujua kufukuzwa ni nini. Niliona tu kwamba hakuna baba mwingine kambini aliyeletewa gari.

Ijumaa Landrova ikafika. Askari alikuwa Tumwine, Mnyankole mwembamba mwenye haraka.

"Mzee, panda. Tunaenda."

"Ndiyo, afande. Tusaidiane kwanza na kinu."

Tumwine akachungulia mlangoni. "Hii yote ni ya nani?"

"Ya bantu, ya majirani," baba akasema. "Siwezi kuacha hata kimoja. Nitawaangalia na macho gani?"

"Mimi nilitumwa kuleta mtu moja! Sikutumwa kuhamisha soko!"

"Beba tu, mutoto yangu," Mama Sifa akamwambia. "Lakini samaki yangu ikipondwa na kinu, utaikula wewe."

Wakajaribu. Kinu kikaingia, baba akakosa fasi. Baba akaingia, kuku wakatoka, na afande mwenyewe akawakimbiza mpaka ndani ya shamba la mihogo, kofia ikabaki huko. Alirudi na manyoya shatini. Wanawake wakamnawisha mikono, wakampa ugali. Akala akamaliza.

"Nitarudi Jumanne na lori," akasema. "Na nyinyi, msiongeze kitu!"

Jumatatu mkubwa wa kambi akarudi. Akaandika kwamba Asukulu ni mtu wake, na huko Mbarara wakakubali abaki.

Mama aliposikia alikaa chini, palepale kwenye vumbi, akaziba mdomo na kitenge, akalia. Nilimhurumia sana. Safari yote ile, mizigo mingi namna ile, bure! Nikamkumbatia shingo nikamwambia, "Usilie, mama. Labda mwaka kesho watamufukuza."

Akanifinya sikio, akicheka huku machozi yanashuka. Sikujua nimekosa nini. Nilikuja kujua nilipokuwa na mume wangu mwenyewe, naye siku moja akachelewa kurudi kutoka Mbarara, nikajikuta nimesimama barabarani bila viatu, nauliza hata ng'ombe za watu kama zimemwona.