Siku Niliyopima Mahindi ya Mama

Niseme ukweli, hii aibu haijaisha, na nawaambia nyinyi tu mnaonijua: nilifanya mama yangu mzazi amwage magunia manne ya mahindi ndani ya choo, na mahindi yenyewe hayakuwa na kasoro yoyote.

Mnajua masomo yangu, vile vikadi vidogo vya kupima ile sumu ya kuvu kwenye mahindi, ile ambayo imezika watu huku kwetu. Kikadi kimepakwa wino mweusi wa kaboni, vijinyuzi vidogo hata huwezi kuviona kwa macho, lakini vinapitisha umeme vizuri ajabu. Unaloweka unga wa mahindi kwa maji, unadondosha tone, sumu ikiwepo umeme unabadilika na simu uliyounganisha nacho inaonyesha rangi nyekundu. Profesa wangu alinionya kitu kimoja tu, nitumie maji ya maabara peke yake. Nikabeba chupa mbili. Lakini pale kwetu Kathiani, kwa mkutano wa kikundi cha akina mama, nikajifanya fundi, nikaosha vyombo vyote na hayo maji mbele ya watu (si ndio waone mtoto wa Kalekye amesoma), na yalipoisha nikajiambia maji ni maji, nikajaza chupa kutoka kwa mtungi wa kisima uliokuwa hapo wa kupikia chai.

Mama yangu, huyo Kalekye, ndiye alikuwa mwenyekiti. Yeye hukausha mahindi kwa turubai siku tatu zaidi ya kila mtu, wote wanajua, na siku hiyo alikuwa amevaa kitenge chake cha harusi.

"Anza na yangu," akasema, "waone vile mahindi masafi hukaa."

Nikapima. Nyekundu. Nikarudia. Nyekundu.

Jirani yetu, Mama Mwende, akaniuliza polepole, "Uko na uhakika? Juu tumekula kwake juzi."

Hapo ndipo ningesema ngojeni kwanza. Lakini macho kumi na mangapi yalikuwa yananiangalia, nami nikajibu kwa sauti ya profesa, "Mashine haina undugu." Sijui nilitoa wapi hayo maneno, natamani ningeyameza.  Mama alifunga kifuko chake cha mahindi akaenda nyumbani.

Nikaendelea na ya Mama Mwende, nyekundu, ya mwingine, nyekundu, nikaomba unga wa paketi kutoka dukani, huo pia nyekundu, na jasho likaanza kunitoka. Nikampigia profesa.

"Maji ni ya wapi?"

"Ya kisima."

"Yana chumvi?"

"Hapana, ni matamu," nikasema, na sikuwa nadanganya, juu hayo ndiyo nimekunywa tangu nizaliwe (mgeni akinywa chai kwetu huuliza ni nani ameweka chumvi, na sisi humcheka). Akaniambia nipime maji peke yake, bila mahindi. Nyekundu. Ilikuwa ni chumvi ya kisima inayochezea ule umeme, na mimi ulimi wangu umeizoea.

Nikapanda kilima mbio hadi nyumbani, viatu mkononi, akina mama nyuma yangu. Tulimpata mama kwa mlango wa choo, anakung'uta gunia la nne.

"Mwaitu, mama yangu, ngoja! Ni masafi. Ni mimi nimekosea."

Akaangalia lile shimo, kisha akaniangalia mimi.

"Si ulisema ni sumu? Niliogopa kuku wasije wakayala."

Hakuna aliyecheka. Tulisimama tu hapo, watu wazima, tukiangalia choo.

Wiki nzima nilizunguka nyumba kwa nyumba nikisema mahindi ya mama yalikuwa masafi, na wote waliitikia, lakini hadi leo wakija kwake chai wanakunywa nusu kikombe. Uenyekiti ameacha. Mimi sasa sianzi kazi kabla ya kupima maji peke yake, na chakula cha mama yangu sitakipima tena mbele ya watu, hata nipewe digrii tatu. Lakini hiyo inamsaidia nini yeye? Siku hizi ananunua mahindi sokoni. Nikienda nyumbani ananipakulia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, anaweka sahani mbele yangu, halafu hakai.

"Pima kwanza," ananiambia, na hatanii.