Alisaidiwa

Mwalimu wa useremala shuleni kwetu tunamwita Mzee Randa, na mpole kama yeye sijaona. Hampiti msichana anayehangaika na msumeno. "Lete, mwanangu, utajikata." Anakata yeye, anamrudishia ubao. Mvulana akihangaika, humwambia, "Komaa! Mwanaume hafundishwi jasho."

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Yeye hutenda, hubaki, kisha huusahihisha: kwenye kazi ya msichana huandika "alisaidiwa" na kupunguza alama. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili. Nimeyaona hayo miaka yote, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa nikicheka.

Mwaka huu chuo cha ufundi kilimkataa binti mmoja kwa alama hizo. Alitufuata karakana.

"Shikamoo, mwalimu. Nani alinisaidia?"

"Marahaba. Si mimi, mwanangu?"

"Nilikuomba?"

Mimi nilijifanya napanga misumari.

Kesho yake Mzee Randa alikwenda chuoni mwenyewe, akakiri kosa, akabembeleza mpaka wakakubali kumpima binti upya mbele yao. Siku ya jaribio tulimsindikiza sisi wawili na dada yake mkubwa, aliyembeba mtoto mgongoni.

Binti alipewa mbao mbili aziunge bila msumari. Katikati ya kazi msumeno ukakwama. Mzee Randa akainuka.

"Kaa, mwalimu," binti alisema bila kugeuka.

Akakaa, akaikalia mikono yake. Binti aliuchomoa msumeno taratibu, akaanza tena. Mtahini alizivuta zile mbao kwa nguvu zake zote, hazikuachana. Nafasi akapata palepale.

Nje, Mzee Randa alikuwa anafuta machozi na kucheka. Nafsi ilikuwa imemtulia, na yangu pia, sitaki kudanganya. Akamgeukia yule dada. "Hongera, mama. Mdogo wako fundi wa kweli! Na wewe ulisomea wapi?"

"Kwako, mwalimu. Nilikaa benchi la mbele."

Alimtazama sana, asimkumbuke. "Mbona chuo hukuomba?"

Dada alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga.

"Kila nikishika msumeno, wewe ulikuwa unaninyang'anya," alisema, bila hasira hata kidogo. "Nikajua siwezi."