Shoka la Baba kwenye Mvumu

Nilipokuwa mtoto nilichukia watu wawili kwa moyo wangu wote. Wote wameshakufa. Mazishi yao nilikwenda, chakula nilikula, na chuki yangu nikarudi nayo nyumbani ikiwa nzima. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu. Wa pili alikuwa baba yangu mdogo, Sabasi. Naandika habari zao kwa sababu wajukuu wangu wanazisimulia vibaya. Wanasema mti ulikasirika ukamvunja mtu mguu. Mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya jiwe, natafuna muwa, nikaona kila kitu.

Baba yangu, Gaspari, alikuwa fundi wa miti. Seremala husubiri ubao uletwe. Baba ndiye aliyepanda juu, akafunga tawi kwa kamba, akalikata na kulishusha polepole kama mtu anayeshusha mtungi kichwani, bila kuvunja paa wala kuangusha mgomba hata mmoja. Walimwita kutoka Bukiriro mpaka Murukulazo. Walimpa maharage, walimpa mbuzi, walimpa pombe ya ndizi, na tulikula.

Vyombo vyake vilijaa kona moja ya nyumba. Kulikuwa na mashoka, kabari za chuma, tupa, na kamba nene ya katani aliyoipitisha mkononi kila jioni, macho amefumba, akitafuta nyuzi zilizokatika. Juu ya vyote ulining'inia msumeno mrefu wa kuvutana watu wawili, wenye mpini kila upande, alioupata alipokuwa kibarua wa misheni. Alipounoa, mimi nilikalia ubao ulioubana ili usitikisike. Meno yalilia chini ya makalio yangu mpaka nikahisi yananinoa na mimi.

Mpini wa pili aliushika Sabasi, mdogo wake. Baba alimwambia kila siku kwamba msumeno ule hausukumwi. Unavuta, unaachia, mwenzako anavuta. Sabasi hakuweza kuachia. Alivuta kama anayemnyang'anya mtu nguo. Ukitaka kumjua mwanamume, mpe upande mmoja wa msumeno. Mimi nilimjua Sabasi mapema.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, na mstari ulipita juu ya maboma ya zamani bila kumwuliza aliyelala chini. Pale palikuwa na mti mkubwa wa mvumu. Wazee wetu walizungushia nyumba zao uzio wa fito za mvumu, na mwenye nyumba akifa alizikwa humohumo uani. Fito zikachipua, boma likaoza, mti ukabaki peke yake kuonyesha nani amelala pale. Ukiukata unatoa maziwa. Kwa hiyo watu wote walikwepa kiwanja kile, isipokuwa mwenyekiti. Alikitaka kwa sababu kilikuwa karibu na ofisi, akajenga nyumba ya mabati, ya kwanza kijijini, chini ya tawi kubwa kuliko mti mwingine mzima.

Miaka michache ikapita. Kiangazi kimoja kilipokuwa kinakwisha, upepo wa kuleta mvua ukaanza, na tawi likaanza kulia juu ya mabati. Mwenyekiti akaja kwetu.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa amekaa mlangoni akipepeta ulezi. Mwenyekiti akamwamkia shikamoo. Bibi akaendelea kupepeta.

"Mama, naona masikio yamezeeka," mwenyekiti akasema.

"Masikio mazima," Bibi akajibu. "Shikamoo yako ndiyo inanuka."

Alikuwa na sababu. Huyu ndiye aliyesimamia kubomolewa kwa nyumba yake ya zamani, na sufuria zikiwa bado jikoni. Baba akatoka nje haraka, akasema atakwenda kuutazama mti, lakini kwa utaratibu wa kazi.

Utaratibu wa mti wa kaburini kwetu ni huu. Fundi anakwenda jioni, anamimina pombe kidogo shinani, anapiga shoka moja kwenye gome na kuliacha limekaa hapohapo. Asubuhi anarudi mbele ya mashahidi. Shoka likiwa bado limeshika, mti umeridhia. Likiwa chini, mti umekataa, na hakuna fundi atakayeugusa. Baba alikuwa Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini hilo hakuliacha hata siku moja.

Nilikwenda naye jioni ile. Aliuzunguka mvumu, akapanda, akaligonga lile tawi kwa kisigino cha shoka, hapa, pale, pale tena, ameegemeza sikio. Akashuka. Akamimina pombe. Akapiga shoka, tukaondoka.

Asubuhi shoka lilikuwa chini.

Nusu ya kijiji ilikuwepo. Wanawake walirudi nyuma kama walioona nyoka. Bibi akasimama mbele na fimbo yake.

"Umekataa," akasema.

"Mti hauna kadi ya chama," mwenyekiti akasema. "Haukatai chochote."

"Basi ukate wewe. Shoka lile pale."

Mwenyekiti akalitazama shoka. Hakuligusa. Kila mtu aliona kwamba hakuligusa, naye aliona kwamba wameona, na kuanzia hapo hasira yake yote ikahamia kwa Baba. Akamwuliza mbele ya watu ule msumeno ni wa nani. Baba akasema ni wake.

"Wako. Wenzako wanalima shamba la kijiji kwa pamoja, wewe una chuma chako na kamba yako, na wenzako wanakulisha. Mtu kama huyo tunamwitaje?"

Neno tulilijua, lilikuwa likisemwa kila mkutano. Kupe. Watoto waliniita hivyo njia nzima ya kurudi. Kabla ya kuondoka mwenyekiti alitoa amri. Gaspari alikate tawi kabla ya Jumapili, au msumeno uingie ghala la kijiji, uwe mali ya wote.

Sasa mnajua kilichokuwa mezani. Bila msumeno Baba hakuwa fundi, alikuwa mtu mwenye kamba. Mama alimsihi alikate tu, tule. Bibi akasema tawi lile likikatwa kwa nguvu litaingia ndani kabla ya mwenye nyumba. Baba alikaa akanoa msumeno, jino kwa jino, na mimi juu ya ubao. Nilidhani ananoa ili akate. Kumbe alikuwa anauaga.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, mgambo wakaja wakauchukua. Baba aliwapa mwenyewe, akaufunga meno kwa gunia wasijikate. Hilo nalo lilinikera. Ningekuwa mimi ningewaacha wajikate.

Haikupita wiki, tukasikia kijiji kimepata fundi wake. Alikuwa Sabasi. Alipita mbele ya nyumba yetu na msumeno wetu begani, nyuma yake kijana wa mgambo wa kushika mpini wa pili. Baba akatoka, akamshika mkono, akamweleza kwa sauti ya chini. Tawi lina uwazi ndani. Usilikate kutoka juu. Lifunge kwanza kwenye panda, lianze kwa chini, ulitoe vipande vipande. Chukua kamba yangu.

"Kaka," Sabasi akasema, "umezoea kufunga matawi, ukadhani na mimi umenifunga."

Akaiacha kamba mkononi mwa Baba.

Ndipo nilipokaa juu ya lile jiwe na muwa wangu. Walikaa juu ya tawi wakaanza kukata kutoka juu, Sabasi akivuta bila kuachia kama kawaida yake, na maziwa yakaanza kumwagika. Wanawake wakaanza kulia kwamba mti unalia. Meno yalipofika katikati tawi likatoa mlio kama turubai linalochanwa. Halikukatika. Lilipasuka kwa urefu, nusu ikaenda kwenye mabati na nusu ikarudi nyuma ikamfuata Sabasi. Mabati yakakunjika kama majani ya mgomba. Kijana wa mgambo aliruka. Msumeno ukabanwa, ukapinda mpaka ncha zake zikakaribia kukutana. Sabasi alikuwa chini na mguu wake ulikuwa chini ya tawi, akiita "Kaka", si "Mungu wangu", si "Mwenyekiti".

Baba alikuja na ile kamba na kabari. Aliliinua tawi taratibu, akamtoa. Nililitazama ndani, palikuwa peusi kama ndani ya chungu cha zamani, unga mtupu na siafu. Sabasi aliishi, akachechemea maisha yake yote, na mpaka Baba anaondoka hakuwa amemwambia asante. Nawaambieni, sikusahau.

Mwenyekiti alitangaza kwamba Gaspari ameuroga mti. Watu wengine wote walisema mti ulisema mapema, mbele ya mashahidi, na Bibi alitembea kijijini kama mtu aliyeshinda kesi. Msumeno ulirudishwa kwetu umepinda, wakautupa uani. Mhunzi akaja kuuchukua, akaukata visu.

Siku nyingine nilimwuliza Baba kama ni kweli waliolala pale ndio waliolitupa shoka. Hakucheka. Alinichukua nyuma ya nyumba kwenye gogo la mvumu lililotoka kwenye tawi lilelile, akanipa shoka.

"Piga kwa nguvu, kwa mshazari."

Nikapiga. Likashika, sikuweza kulitoa.

"Sasa piga gome tu."

Nikapiga gome. Likakaa. Tukaenda kula, tukarudi, lilikuwa limelala chini. Gome la mvumu lina maziwa, yanateleza, na chuma kina uzito wake.

"Kwa hiyo ni wewe uliyekataa," nikasema.

"Ningemwambia limeoza, angesema likate hivyohivyo. Ningemwambia siwezi, ningekuwa nimekataa agizo la kijiji. Mti ukikataa, nani ataufunga?" Akachukua shoka. "Baba yangu alifanya hivi, na baba yake. Bibi yako usimwambie."

Sikumwambia. Alikufa akiamini, na sioni alichopungukiwa.

Mvua zilipokuwa zimeshika vizuri, redio ikasema tumevamiwa upande wa kaskazini. Malori yakaanza kupita. Tulitoa maharage, tulitoa ng'ombe, wanawake walitwanga usiku na mchana. Halafu mwenyekiti akasimama mbele ya ofisi, akasoma majina ya wanaume wa kwenda. La Baba lilikuwa la kwanza. Alisema huko wanahitaji watu wanaojua kukata magogo. La Sabasi halikuwepo, kwa sababu ya mguu. Mguu uliovunjwa na mvumu ukamweka nyumbani akila ndizi, na yule aliyekataa kuugusa akaandikiwa lori. Kama kweli waliolala pale wana hukumu, basi hukumu yao ni kipofu, na nimeshawaambia hivyo mara nyingi nikipita pale.

Lori lilikuwa lije asubuhi. Jioni nilichukua shoka la Baba, nikaenda kwenye mvumu, uliokuwa bado umesimama na jeraha lake. Nilikuwa sina pombe, nikamimina maji ya kunywa. Nikapiga gome, gome tu, kama nilivyofundishwa, nikaliacha. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika, na shoka lilikuwa chini. Nikakimbia nalo mpaka ofisini, ambako wanaume walikuwa wanapanda lori, nikalinyanyua mbele ya mwenyekiti nikasema limeanguka, umekataa, Baba asiende.

Mwenyekiti alinitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyeingia kanisani. Mmoja wa mgambo akacheka. Lori likawashwa. Baba alikuwa ameshapanda. Aliona shoka mkononi mwangu, akaelewa, akaweka kidole mdomoni, nyamaza. Hilo ndilo la mwisho alilonifundisha.

Bibi alinikuta nimesimama barabarani. Alilichukua shoka, akalifuta tope kwa kanga yake.

"Ule ni mti, mtoto," akasema. "Lori halina gome."

Baba hakurudi. Mvua zikaisha, vita vikaisha, vijana wa wengine wakarudi wakiimba, na hakuna aliyekuja kutuambia alianguka wapi. Mwenyekiti aliezeka upya.

Leo mimi ndiye fundi wa miti huku. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini msumeno nilikuwa nimeukalia tangu utotoni, na hakuna shule inayofundisha hivyo. Wajukuu ndio wanaopanda. Tuna msumeno wa mota unaopiga kelele kama pikipiki, kamba za nailoni, kofia ngumu, na kamba hizo bado nazipitisha mkononi kila jioni, macho nimefumba. Wateja wanakuja, wengine na magari, wengine na vyeo. Wakija na mti wa kaburini, nachukua lile shoka la zamani nakwenda nalo jioni, peke yangu. Nikiona mti mzima na mwenyewe ana adabu, shoka hushika. Nikiona tawi limeoza na mwenye nyumba anafoka, asubuhi shoka liko chini, na yeye anarudi nyumbani akimwogopa marehemu badala ya kunikasirikia mimi.

Wajukuu wanadhani bibi yao ana dawa. Yule mdogo wa kike ameshaanza kunitazama mkono ninapopiga. Mwaka huu nitamwonyesha nyuma ya nyumba, kwenye gogo. Nitamwambia kwamba ni namna moja ya kusema hapana, na inafaa kwa wengi. Lakini nitamwambia na habari ya lori, kwamba nililizunguka lote kwa macho asubuhi ile, na hadi leo sijajua ningelipiga wapi.